Injini ya Babu na Kengele ya Kanisa

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya tatu ya kukwangua lami. Mafuta ya taa, brashi ya waya, kucha nyeusi. Babu aliipaka injini yake lami kama mtumbwi, isilike kwa kutu mafuriko yanapopanda, na sasa kila sentimita ya chuma inadai jasho langu. Chuo kimefungwa tangu mgomo. Kule niliongoza mamia. Hapa Garsen naongozwa na mzee mmoja mwenye spana.

Kwa miaka mingi injini hii ilivuta maji ya Mto Tana hadi kwenye migomba yake. Kabla ya hapo, asema Babu, ilikuwa ndani ya gari la mashindano, naye alikuwa fundi msaidizi wa timu. Gari lilipinduka kwenye matope ya huku, timu ikaondoka, injini akaachiwa yeye. Kijiji kizima humcheka kwa hadithi hiyo. Nami nilimcheka nikiwa kidato cha pili. Naona haya kuliandika hilo.

Sikio lake la kushoto limekufa. La kulia, daktari amesema, halitauona mwaka mpya. Anataka kuisikia injini yake mara moja tu. Itanguruma kabla ya hapo. Nimeapa.

Mchana tumepata namba chini ya lami. Mwishoni mwake pana herufi moja iliyogongwa kwa mkono, imekaa upande. Babu aliipapasa, akacheka.

"Hiyo niligonga mimi. Nikakemewa."

Jumatano, 6 Agosti

Kipini, kwa Shangazi Rehema. Desturi yetu ya mtoni: maji yakipanda, injini hufunguliwa na kila kipande hupelekwa kwa jamaa tofauti aliye mahali pa juu, ili mafuriko yasimeze yote kwa pamoja. Kurudisha ndiko husahauliwa.

Pistoni tatu zilikuwa sandukuni, zimepakwa mafuta ya nazi. Ya nne alikuwa akipimia mchele, matundu yake ya ubavuni kayaziba kwa nta.

"Kibaba changu hicho, mwanangu. Ukikichukua nipimie nini, kofia yako ya mgomo?"

"Mbona hukiweki chini, Shangazi?"

"Hakisimami. Kina nundu kitakoni."

Nilimkumbatia. Kitako cha kibaba ndicho kichwa cha pistoni, na pistoni ya injini ya kawaida ina kichwa bapa. Nundu huwekwa ili kuubana mvuke wa petroli zaidi, kwa ajili ya kasi. Baada ya ile herufi, huu ni ushahidi wa pili kwamba Babu hasemi uongo. Nimemwachia kikombe cha bati.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeipata flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalokaa nyuma ya injini. Inaning'inia nje ya kanisa letu. Ndiyo kengele! Nimeisikia kila Jumapili ya likizo bila kuinua macho. Leo niliinua. Imetobolewa matundu pande zote ili iwe nyepesi: kazi ya mkono, kazi ya mashindano. Ndiyo maana sauti yake ni nyembamba hivi.

Baada ya ibada nilisimama nikahutubia. Nilisema historia huwataja waliokaa kwenye usukani na kuwasahau waliolala chini ya gari. Nilisema heshima ya mzee mmoja ni heshima ya wote. Hotuba nzuri. Haikumtikisa mtu.

"Mheshimiwa, keti," alisema Mama Jilo, kiongozi wa akina mama. "Hiyo ndiyo inayotutoa mashambani. Au utatuita kwa mdomo wako? Maana huo nao haupumziki."

Kanisa lilicheka. Babu pia, ingawa sidhani kama alisikia.

Ndipo nikasema bila mapambo: anakuwa kiziwi, anataka kuisikia mara moja. Mama Jilo akaenda mwenyewe kuleta ngazi. Sharti moja: Jumapili ijayo iwe imerudi mahali pake.

Alhamisi, 14 Agosti

Vipande vyote vimerudi, tumeiunganisha injini, nayo imekataa. Kabureta zote mbili zimesafishwa, plagi ni mpya, betri tumeazima kwa jirani. Inapiga chafya, inatema moto kwenye kabureta, inazima.

Sikio la kulia limefifia ghafla wiki hii. Tunaongea kwa mikono. Kila injini inapokohoa, Babu hunitazama mdomo.

Nimechoka. Naogopa.

Ijumaa, 15 Agosti

Kosa ni langu. Moto wa plagi hulinganishwa kwa alama iliyo kwenye ukingo wa flaiwili. Niliona kovu moja, la kupendeza, nikalifuata kwa imani yote. Leo Babu alipitisha kidole gumba juu yake, akatikisa kichwa.

"Hapa ni nyundo ya mzee wa kanisa. Si yangu."

Ibada za miaka yote hiyo ndizo zilizolichimba kovu lile! Alama halisi ni mkwaruzo mwembamba kama unywele, umbali wa vidole vinne. Ukucha wake uliufikia kabla ya macho yangu. Nampenda mzee huyu kupita kiasi.

Jumamosi, 16 Agosti

Imewaka saa nne asubuhi. Si mlio wa pampu. Mkali, mkavu, wa kupasua kifua. Watu walijaa uani. Hakuna aliyecheka. Mama Jilo aliziba masikio yake yote mawili.

Babu alinivuta mkono. "Imewaka?"

Sijawahi kuuchukia ulimwengu kama dakika ile.

Yeye hakuhuzunika. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio ili mtetemo upitie mfupani, kama mafundi wafanyavyo wanapoutafuta ugonjwa wa injini. Akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka maji ya kupoozea yakaanza kuchemka.

"Silinda ya tatu inachelewa kidogo," alisema. "Lakini ni yeye."

Nililia mbele ya watu. Alasiri tuliifungua flaiwili.

Jumapili, 17 Agosti

Kengele imelia kwa wakati wake.

Babu alikuja na bisibisi katika mfuko wa koti. Alisimama kando ya nguzo inayoibeba flaiwili, akaweka ncha kwenye nguzo hiyo, mpini nyuma ya sikio. Mzee wa kanisa alipiga polepole kuliko kawaida. Waumini walitupita mmoja mmoja, wakaingia.

Nilibaki naye nje hadi alipoishusha bisibisi.