Kumi Bora na Kelele za Dady

Jumatatu, 2 Juni 2025
Wimbo umetoka! "Nimevuka Semliki." Sauti yangu, maneno yangu, na mto wa mpakani kwetu. Mama ameusikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu: mwezi ukiisha jina langu halijatajwa kwenye Kumi Bora ya redio, nafunga saluni, nakwenda Arua kuuza vitenge na shangazi. Shangazi yule anayekusahihisha hata ukikoroga chai! Nimekubali. Kiburi tu.

Jumatano, 4 Juni
Nimeenda kwa Dady, kibandani kwake hapa chini Makindye, anapowawekea watu nyimbo kwenye simu na flashi. Zamani redio ilikuwa inawapigia simu wauza nyimbo kama yeye: wiki hii nini kinatoka? Dady akisema, imekuwa. Hata mapasta walimwamkia kwanza. Siku hizi redio inahesabu nyimbo zinazopakuliwa mtandaoni, basi. Dady anasema kompyuta haina adabu, huwezi hata kuikaribisha chakula. Lakini naye amejifunza. "Niachie, yaya Exaucée, dada yangu, nitaupandisha kwenye tovuti mimi mwenyewe." Nimefurahi mpaka nimemsuka mke wake bure.

Jumamosi, 7 Juni
Kumi Bora imesomwa, hatumo. Wimbo unalia kila mahali, kwa bodaboda, kwa wakaanga chapati — na kelele za Dady katikati: "Dady wa Makindye, ndiye huyo!" Anazitia kwenye kila wimbo, ndiyo desturi ya wauza nyimbo. Nimewapa watu ule safi, wameukataa. Eti si wenyewe, hauna Dady.
Na hawapakui! Mmoja anapakua, wengine wanarushiana simu kwa simu. Kwaya nzima imeupata kwa pasta. Pasta anasema kugawana ni Neno la Mungu. Sawa, lakini redio haihesabu kugawana.

Alhamisi, 12 Juni
Jirani yetu Mbambu amemcheka mama sokoni: mbona binti yako hasikiki redioni? Kosa kubwa. Tangu jana mama anapita nyumba kwa nyumba, kila mtu apakue kwa simu yake. Akikuta wawili wanarushiana, anawatenganisha kama mbuzi. Shangazi amepiga kutoka Arua, anaomba arushiwe. Mama amemjibu: nunua bando, dada.
Mimi nilidhani anataka nishindwe.

Jumamosi, 21 Juni
Namba tano! Nilikuwa namsuka Loice, yule mteja wangu Mkenya. Mama akaanza kucheza, beseni kichwani. Halafu mtangazaji: "Huyo ni msanii wetu mpya, Dady wa Makindye!"
Nimevuta nywele za Loice. Ameniomba kwa upole nimwachie kichwa.
Mama amesimama. Akafikiri. Jina halikutajwa, anasema, na tulivyokubaliana ni hivyo hivyo: Arua. Nimelia mbele ya wateja, sioni haya.

Jumapili, 22 Juni
Dady amekuja saluni mwenyewe, na suti begani. "Tovuti iliuliza jina, yaya. Ningeandika la nani?" Sasa redio imemwita kesho aimbe moja kwa moja. Dady! Kanisani walimtoa kwenye kwaya wakampa kazi ya kupanga viti. Anaomba nisimame nyuma yake kidogo, niimbe mimi, yeye atafungua mdomo. Na nimnyoe, apendeze.
Nimemwambia kaa. Nimemfunga kitambaa shingoni. Nimemnyoa upande wa kulia, kazi safi kabisa. Kisha nimezima mashine.
Abadilishe jina kwenye tovuti, na awaambie redio nani anaimba. Anasema atafikiria. Basi afikirie, mimi naandika.
Mama amefunga mlango, ameketi hapo anachambua sombe, majani ya muhogo. Anamwuliza Dady kama anajua kuuza vitenge.
Dady anageuza kichwa kwenye kioo, upande huu, upande ule. Sasa amenyoosha mkono, anaomba simu yake. Sijui ni ya kubadilisha jina au ya kumwita kinyozi mwingine.