Besi ya Mama

Jumapili, katikati ya Julai 2007. Woodley.

Baridi ya leo ni ya kuvaa sweta mbili na bado ukajikunyata. Manyunyu tangu alfajiri. Lakini nimerudi kutoka kanisani nimejaa furaha hadi kooni, na sufuria itangoja. Lazima niandike kwanza.

Nianze na ungamo.

Tangu nikiwa mdogo, mama amekuwa akituambia kwamba aliwahi kupiga gitaa la besi kwenye televisheni. Kile kipindi cha muziki cha Jumamosi usiku, enzi za chaneli moja, bendi ikipiga moja kwa moja kutoka studio na nusu ya mtaa imejazana sebuleni kwa jirani mwenye TV. Mpaka leo sijaona kipindi kitamu kama kile. Wanamuziki walitoka jasho kweli, mashati yakawaganda mgongoni, na aliyekosea alikosea mbele ya nchi nzima. Siku hizi wanachezesha midomo tu.

Lakini mama ninayemkumbuka mimi ni wa kuchapa barua ofisini na kukaanga maandazi. Kanda hakuna, picha hakuna. Yeye husema kamera ilimng'ang'ania mwimbaji. Sikumwamini. Nilimtabasamia tu, kama unavyomtabasamia mtoto anayekuambia atakuwa rubani.

Jumapili iliyopita Kevin, kijana anayeongoza bendi ya kanisa letu, alitangaza kwamba mpiga besi wao amepata kazi Kisumu. Nani anaweza kushika nafasi yake? Mama akainua mkono. Miaka hamsini na tisa, kitambaa kichwani. Vijana wakaangaliana.

"Mathe, hiyo gitaa ni nzito," Kevin akasema kwa adabu.

"Nimebeba watoto wanne, Kevin. Leta."

Wiki nzima nikasikia tok, tok, tok kutoka chumbani kwake, bila spika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani mafua yamshike kabla ya Jumapili. Nilijiambia sitaki achekwe. Ukweli ni kwamba sikutaka kuchekwa mimi.

Leo, wimbo wa pili, ubeti wa tatu, Kevin akasahau maneno. Mdomo wazi, hamna kitu. Aliyekuwa kwenye kinanda akaondoa vidole, ngoma zikaanza kufifia, na mimi nikainamisha kichwa.

Mama hakusimamisha besi.

Alishika kipande kimoja kifupi akakizungusha, akarudi mwanzo, akakizungusha tena. Akamsogelea mpiga ngoma, akamwashiria kwa kichwa aendelee. Ngoma zikarudi. Kinanda kikafuata. Akamwangalia Kevin kwa utulivu kabisa, kana kwamba hivyo ndivyo walivyopanga. Mzunguko wa tano Kevin akayapata maneno yake, akaingia, na kanisa zima likasimama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Baada ya ibada Kevin alimjia.

"Mathe, hiyo ulitoa wapi?"

"Kwa TV," mama akasema. "Mkiwa hewani hakuna kusimama. Mwimbaji wetu alisahau maneno, tukazunguka mpaka akayapata. Watu kwa nyumba walidhani wimbo uko hivyo."

Hapo nikamgeukia mama. Kwa sababu ninaukumbuka wimbo huo. Nilikuwa kwenye mkeka kwa jirani, nikimngoja mwimbaji aimbe na haimbi, mlio mzito tu unazunguka, unazunguka, mpaka usingizi ukanichukua. Miaka yote hii nimemwita mama mwongo kimoyomoyo, kumbe ni yeye aliyenibembeleza.

Njiani nilimwambia. "Mama, mimi sikuwa nakuamini."

"Najua," akasema, akihamishia gitaa bega la pili. "Nilipokuja kukuchukua kwa jirani ulikuwa umelala fofofo. Nikasema, huyu hatawahi kujua."

Nikalia barabarani, mtu mzima, mwavuli mkononi. Yeye akacheka.

Gitaa ni lake sasa. Kevin amekataa kumpa mtu mwingine. Na kesho, ofisini Upper Hill, nitamwambia kila atakayepita mezani kwangu, hata mlinzi, hata asiyeniuliza, mama yangu ni nani. Asiyeamini, ibada inaanza saa nne.