Kobe Axel

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Leo kwenye kozi ya kuandika programu tumeanza mistari ya alama ya reli, #. Mwalimu wetu Axel anaiita brädgård, yaani uwanja wa mbao! Waswidi nao. Nikaandika #define MUDA 30; Nikaendesha programu — kosa! Na kompyuta haiulaumu mstari huo, inaulaumu ule wa chini wenye if, ambao hauna hatia. Nimetafuta mpaka macho yakauma. Wangari, yule Mkenya tunayekaa naye meza moja, akacheka: Mama Bella, nuktamkato ya nini kwenye define? Mimi nilidhani kila mstari hufungwa nayo, kama sala na Amina. Kumbe mistari ya # si sala, ni matangazo kabla ya ibada. Inasomwa kwanza, kila penye MUDA panabandikwa maneno vilevile yalivyoandikwa, ndipo kazi yenyewe inaanza. Kwa hiyo nuktamkato yangu ilibebwa ikatupwa katikati ya if! Nimeelewa. Mungu ni mwema.

Jumatano, 15 Oktoba
Mradi wetu na Wangari: kidude cha kupiga kelele mlango wa friji ukiachwa wazi. Nilipika shuleni mpaka mikono ikakataa masufuria, friji nazijua. Tukifaulu, tunapata praktik, mafunzo ya kazini, sote wawili, kwenye karakana moja huko Akalla. Alama ni moja — akianguka mmoja, tumeanguka wote. Nimefunga tangu asubuhi.

Wangari kanifundisha #ifdef. Ukilitangaza neno JARIBIO pale juu kwa #define, mistari iliyo kati ya #ifdef na #endif inaingia kwenye programu. Ukilifuta, ni kama haikuandikwa kamwe. Humo tunaweka maneno ya kutuonyesha programu imefika wapi. Mimi nimeweka BWANA ASIFIWE TUMEFIKA. Yeye, mtundu yule, pale programu inaposubiri: KOBE AXEL BADO. Maana Axel anatembea polepole, anaongea polepole, hata kahawa anainywa polepole! Nikamwambia, Wangari, huyo ni mkubwa wetu. Lakini nilicheka mpaka machozi. Akasema hakuna atakayeona, tunafuta define, basi. Kufuta nimeachiwa mimi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Bella amekuja kula. Nikamweleza #ifdef, akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake: mamma, umekuwa nörd. Kumbe ni mtu aliyezama kwenye kompyuta. Nimefurahi siku nzima!

Ijumaa, 17 Oktoba
Sikufuta! Yesu wangu, sikufuta.

Tumewasha mbele ya Axel. Kioo kikaandika BWANA ASIFIWE TUMEFIKA. Halafu jina lake, kubwa, linang'aa. Kengele ililia vizuri kabisa, lakini nani aliisikia? Axel akauliza, kobe ni nini? Wangari chap: ni cheo cha heshima, kama mwalimu mkuu. Maskini Axel akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema miaka yote hii hakuna mwanafunzi aliyewahi kumpa cheo. Na Bwana asifiwe je? Hiyo nikamweleza kweli, ni salamu yetu ya kanisani. Na mdomo wangu huu uliozoea, nikamkaribisha Jumapili! Akasema atakuja.

Kwenye korido Wangari akanishika mkono. Nyamaza tu, mama. Ni define yako iliyotuponza, mimi nimetuokoa. Kweli, yangu. Majibu Jumatatu.

Jumapili, 19 Oktoba
Naandika kanisani, daftari la mahubiri nimelisahau nyumbani, nimebeba hili. Nimeamka nimekata shauri: nimwambie Axel ukweli mlangoni kabla ya ibada, hata praktik ikienda na maji. Wangari nimeshamwandikia. Kajibu: Mama Bella, TAFADHALI. Nimesimama nje kwenye baridi mpaka kwaya imeanza. Hakuja. Nikaingia.

Ndio kwanza anaingia! Suti. Maua mkononi. Mashemasi wamempeleka mstari wa mbele, mimi niko huku nyuma.

Mchungaji Gratien anasema wageni wote wasimame, watuambie majina yao. Dada aliye karibu na Axel anamtafsiria. Axel anatabasamu. Ananitafuta kwa macho — ameniona, ananipungia mkono. Anafunga kifungo cha koti. Kipaza sauti kiko kwa familia iliyotoka Fisksätra, halafu ni yeye, na cheo chake. Watoto wa Sunday school wamejaa pale pale mbele, na watoto hawana siri.

Nimesimama. Kalamu bado iko mkononi. Mchungaji anacheka: Mama Bella, tangu lini wewe ni mgeni? Kaa chini, mama yetu.

Sikai —