Pikapu Yako ya Kiti Kimoja

Dada Nasimiyu,

Kutoka Bungoma mjini mpaka Kitale, ukiuliza ni nani anajua magari, hakuna mtu atakutajia jina lingine kabla ya langu. Hii si kujisifu, wewe unanijua. Mafundi wenyewe wakishindwa wananipigia simu. Juma, yule fundi wa karibu na msikiti hapa Kitale, aliniambia mbele ya watu, "Mzee Wanjala, wewe ungezaliwa Ulaya ungekuwa unatengeneza ndege." Nikamwambia ndege ni kitu kidogo, huko juu hakuna matope.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye uliachia hii pikapu yako.

Nakuandikia nikiwa kwa baraza la nyumba yangu hapa Matisi, pikapu iko mbele ya macho yangu, na nimekasirika. Sikufichi. Nimekasirika na hiyo gari na nimekasirika na wewe. Mtu akifa watu husema maneno matamu peke yake, na mimi yangu niliyasema pale kaburini mpaka pasta akaanza kuangalia saa. Lakini miaka mitatu imepita, Dada, na kuna mambo sikusema.

Kwa nini ulinunua ya kiti kimoja? Wenye magari siku hizo walikuwa wananunua zile za milango minne, mtu anabeba watu wake nyuma ndani ya kivuli, na mzigo bado unapata nafasi. Wewe ukaona hapana. Ukasema unataka bodi ndefu ya kubeba mahindi, watu watajibanza. Sasa sisi ndio tunajibanza. Kile kiti ni kimoja tu, kimenyooka kutoka mlango huu mpaka ule kama benchi ya kanisa, dereva na wawili, na yule wa katikati gia iko kwa magoti yake. Nikitaka kuingiza namba mbili lazima kwanza niombe msamaha. Nilimbeba pasta mara moja akaniambia hajawahi kuguswa goti mara nyingi hivyo tangu azaliwe.

Mlango wa dereva haufunguki kwa ndani. Natoa mkono nje kwa dirisha kama mtu anajiibia nyumba yake. Na kishikio cha kushusha dirisha kimebaki kimoja, tunapeana kutoka upande huu kwenda ule kama chumvi mezani.

Halafu kuna maandishi ya mlangoni. Unakumbuka wewe mwenyewe. Ulimwambia yule mchoraji wa Naitiri aandike MAHINDI BORA, na yeye mdomo wake R na L ni kitu kimoja, akaandika vile anavyotamka: MAHINDI BOLA. Na kwa lugha yetu bola ni "sema". Kwa hivyo gari yako inapita barabarani ikiamrisha mahindi yaseme. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwa nyasi. Nilitaka nimrudishe yule mtu afute, ukanikataza. "Wacha hivyo, Wanjala. Mtu akisoma akicheka, atasimama aulize." Na kweli wakasimama. Soko lote la Ndalu wakakuita Mama Bola, na wewe ukaitika.

Lakini mimi sikuzaliwa kuitwa Bola. Napita Matisi na kofia yangu, mtu mzima wa heshima, wale wanawake wa mboga wananiambia, "Bola, leo mahindi imesema nini?" Juzi kwa harusi yule wa kushika maikrofoni ametangaza, ati, "Tunaomba Bwana Bola asongeze gari." Watu mia mbili. Nikasongeza.

Na kila mtu anafikiri hiyo bodi ni ya ukoo. Nimebeba sofa. Nimebeba ng'ombe mwenye mimba akanitazama kwa kile kioo cha nyuma kutoka Naitiri mpaka Kitale, hakupepesa macho hata mara moja. Nimebeba kwaya ya watu kumi na saba wakiimba sauti nne juu ya springi mbili. Mtu akifiwa, hata kabla hajalia vizuri, ameshauliza pikapu iko wapi.

Nimeyasema hayo ili ujue sikuishika hii gari kwa raha. Kwa sababu najua unataka kuniuliza jambo moja tu, na nimelizungukazunguka kwa ukurasa mzima.

Pale hospitali ulinishika mkono, ukasema, "Shika gari. Nekesa akijua kuendesha, mpatie. Ni ya kazi." Nikakubali. Ukafunga macho kama mtu amemaliza hesabu zake zote. Nekesa mtoto wako alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda, alisikia.

Nekesa alijifunza, Dada. Mwaka wa kwanza tu. Alienda shule ya udereva Bungoma akapita mara moja, akaja hapa na kile kitabu chake chekundu cha leseni, akanipa kwa mikono miwili. "Khocha, nimepita." Vile ananiita khocha, kwa ile sauti yako, ingefaa nimpe ufunguo hapo hapo, si ndiyo heshima ya ndugu ya mama hiyo. Nikamwambia kupita kwa mwalimu si kupita kwa matope ya Ndalu. Angoje mvua ipungue. Mvua ikapungua akarudi, nikamwambia sasa vumbi limeingia kwa injini. Mara ya tatu nikasema hii gari ina tabia zake, haiendeshwi na mtu yeyote tu, mpaka itulie. Yeye aliniangalia, akasema, "Sawa, khocha."

Akaendelea na kazi yako. Magunia alikuwa anapeleka sokoni kwa mkokoteni wa punda. Na wanawake wenzako pale Ndalu wakamuuliza, si mama yako alikuwa na gari? Akawajibu, "Iko kwa khocha, inatengenezwa." Hayo nilikuja kuambiwa na watu. Siku aliyosema hivyo gari ilikuwa nzima kabisa, imebeba kabati ya mtu.

Basi, sikiliza vile Jumanne iliyopita ilivyokuwa.

Nekesa alikuwa Naitiri akinunua mahindi kwa majirani wa mama mkwe wangu. Akanipigia kwa ile simu yake ya mulika mwizi. Mama mkwe amechomwa na mwiba shambani, siku nne hakuambia mtu, sasa mguu umefura mpaka goti na mwili unawaka moto. Mke wangu alikuwa Bungoma kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikachukua gari, nikaenda. Nikwambie ukweli, siku hiyo niliendesha mpaka ule mshale wa spidi ukaogopa.

Nikafika. Mama mkwe amekaa kwa kigoda mlangoni, aliposikia gari akajigeuza uso ukutani, kama inavyotakiwa. Mimi nikasimama mbali karibu na ndizi, macho chini, kama inavyotakiwa. Nekesa yuko katikati yetu. Nikasema, "Nekesa, mwambie mama aingie gari twende hospitali."

Mama mkwe akauambia ukuta, "Mwulize, hiyo gari ina viti vingapi?"

Dada, hapo ndipo nilikukumbuka kwa ubaya.

Nekesa akasema yeye atakaa katikati, atakuwa ukuta. Mama mkwe akasema kiti ni kiti. "Kama yeye amekaa kwa hicho kiti, na mimi nimekaa kwa hicho kiti, tumekaa pamoja. Afadhali nifie hapa kwa mlango wangu kuliko kufika Kitale kiti kimoja na mume wa mtoto wangu." Nikasema basi tumtandikie nyuma. Nekesa akakataa, mguu namna hiyo, na mvua ilikuwa inakuja kutoka Mlima Elgon, tunaiona. Yule mama anatetemeka, meno yanagongana, na bado hageuzi uso. Kama gari ingekuwa ya milango minne angeingia nyuma akajifunika shuka, mimi ningekaa mbele nikijifanya sijui kuna mtu, na tungekuwa tumefika.

Nekesa alininyooshea mkono tu, kiganja juu.

Nikatoa ufunguo.

Unajua yule mama alifanya nini? Alikataa kukaa mpaka Nekesa atandike leso, kwa sababu kiti kilikuwa bado na joto langu. Mimi, Wanjala, nikapanda nyuma. Na jirani yangu alikuwa ameazima gari kwangu Jumatatu kubeba mbolea ya ng'ombe na hakuosha. Nilikuwa na koti langu la kijivu, lile la mazishi yako. Mvua ikatukuta kabla ya Ndalu, nikavuta turubai.

Nilikuwa nimejipanga. Nilijiambia akiteleza tu naruka juu ya kabini, naingia kwa dirisha, nashika usukani. Hilo naliweza, nilishawahi kulifanya na lori. Lakini hakuteleza. Yale mashimo mimi naingia yote moja moja, yeye aliyapita kwa pembeni. Pale kwa ule mwinuko wa Ndalu, ambapo mimi hutoa watu wote washuke wasukume, alipunguza gia mapema, akaupanda polepole, gari haikulia hata kidogo. Nikasikiliza injini. Mimi najua kusikiliza injini. Miaka mitatu sijaisikia ikienda hivyo, mara ya mwisho ulikuwa wewe.

Karibu na Kitale polisi wakatusimamisha. Nikasikia mmoja wao, sijui ni mkubwa wao, akiomba leseni, Nekesa akatoa kile kitabu. Kikafunguliwa, kikafungwa. "Sawa madam, pole na mgonjwa. Na hiyo miguu iko nyuma chini ya turubai ni ya nani?" Nekesa akasema, "Ni khocha." Akasema hivyo tu, kama mtu anayesema ni gunia. Na Matisi walituona tukipita, usifikiri hawakuona. Mmoja wa wale wa mboga alisema kwa sauti, "Leo Bola amebebwa."

Mama mkwe alipasuliwa mguu, mwiba ukatoka, urefu wa kidole changu, na mimi nina vidole virefu. Sasa anatembea. Jana ametuma neno kupitia mke wangu. "Mwambieni mkwe wangu asante kwa kukaa nyuma. Na yule msichana aendelee kuendesha." Mke wangu akanipa hayo maneno huku akiosha vyombo, hakunigeukia. Nyumba yote sasa inaongea na mimi kwa mgongo.

Basi, nimechoka. Kila kitu cha hii gari kimenichosha, na cha kunichosha zaidi ni kwamba ninapoandika hapa kwamba inaondoka, mkono unakuwa mzito. Ile kabini bado ina harufu yako, vitunguu na yale mafuta yako ya mgongo. Nilipokuwa naenda peke yangu nilikuwa nakutukana kwa sauti kutoka Matisi mpaka Naitiri, na safari ilikuwa fupi.

Nekesa anakuja Jumamosi. Nimeiosha bodi mwenyewe, kwa brashi. Juma ametengeneza mlango, sasa unafunguka kwa ndani. Nitampa ufunguo, nitampa na karatasi zote, na soko la Ndalu watajua ni mimi nilisema kazi ya dada yangu isisimame. Akinihitaji kwa mambo makubwa ya injini nitakuja, hata ikiwa ni kutembea kwa miguu. Hilo nakuahidi mbele ya kaburi lako, na mwezi ujao nitakuja nilipalilie, magugu yameanza upande wa kichwa.

Pumzika, Mama Bola. Mimi ndugu yako niko, na sijambo.

Kuna neno moja limebaki, na usiwaambie wenzako huko. Wale polisi waliposimamisha gari, mvua ilikuwa imekwisha. Nilibaki nimejifunika kwa sababu nyingine. Ile siku ya hospitali ulinipa ufunguo bila kuniomba nifungue kile kitabu changu chekundu, kwa vile nilikuwa nimekipunga hewani mbele ya watu miaka yote hiyo, na wewe ukaniamini.

Leseni yangu ni ya trekta.

Ndugu yako,
Wanjala