Sepetu Elfu Tatu za Pius

Jumatatu, 15 Machi 1999
Kitandani kwangu nimekuta sepetu nne! Za jeshi, za kukunja. Ni za Pius, huyu Mkenya ninayechangia naye chumba cha hoteli hapa Zhanxi, Uchina. Mimi nimefuata viatu; yeye anataka kuwauzia wanajeshi wa Ethiopia na Eritrea — huko wanapigana kwenye mahandaki. Kasikia nilipigana Uganda mwaka 79. "Buda, nichagulie inayofanya kazi." Nimezitupa sakafuni.

Jumanne, 16 Machi
Kanidanganya twende kula, kumbe ni dukani, soko la Liuhua. Laobani, yule mama mwenye duka, kazipanga mezani. Pius kashikilia kwamba singe ni bora. Mpumbavu! Nikaropoka: handakini bunduki ndefu haigeuki, singe inanasa mbavuni, guruneti ukiirusha karibu unakufa nawe. Sepetu ndiyo — shingoni, kwa ukingo, si kwa ubapa. Na mkono ukaonyesha wenyewe. Laobani akacheka, kisha akasogea nyuma.

Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 18 Machi
Pius kaagiza elfu tatu, zinolewe pande zote mbili. Anawatangazia watu eti Afande Marijani, yaani mimi, ndiye kamshauri. Najat wa Zanzibar, tunayenunua naye viatu, kaniuliza kama ni kweli. Nikaendelea kuhesabu viatu.

Nikamkalisha Pius, nikamweleza nisichomwambia hata mke wangu. Handaki, mvua, mimi na askari mmoja wa Uganda tumebanana. Bunduki imemponyoka. Akasema kwa Kiswahili, "Basi, ndugu." Nikampiga na sepetu.

Nilidhani Pius ataona haya. Akauliza, "Mara ngapi?"

Nimemkaba. Wachina wa chumba cha pili ndio waliotuachanisha.

Ijumaa, 19 Machi
Baada ya swala nimekwenda mwenyewe kwa laobani. Zisinolewe! Kiswahili hajui, Kichina mimi sina. Nikapitisha kidole kwenye makali, nikatikisa kichwa. Kadhani nasema ni butu — akamwita fundi, ikanolewa mbele yangu, cheche zinaruka. Akapiga boksi la viatu. Pigo moja, vipande viwili. Akaniinulia dole gumba. Nikapiga kelele. Kumbe Pius yuko mlangoni, anacheka. "Si nilisema huyu ni mtaalamu!"

Sikumbuki nilivyotoka.

Nimejifungia chumbani. Sasa Pius anagonga mlango, yeye na mlinzi wa hoteli. Anasema sampuli ya laobani, ile sepetu iliyonolewa, nimeondoka nayo, niirudishe. Kweli ninayo. Iko mkono wa kushoto. Wa kulia unaandika.

Kasema watavunja mlango.

Nimemwambia atangulie yeye kuingia.