Fundo la Kamba ya Mbuzi

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inayonigombeza asubuhi. Wewe na vumbi lako la saruji mnaendeleaje?

Ule mti wa uani unakatwa. Barabara inapita, wameshauchora alama nyekundu. Nimekubali, nifanyeje? Kinachoniuma ni fundo. Ile kamba ya mbuzi aliyoifunga baba yako, gome limeimeza yote, likaacha fundo limetokeza kama kitovu. Kila nikifagia nalishika. Tangu tumzike, hicho ndicho kitu pekee kilichobaki vile vile mikono yake ilivyokiacha. Si wewe unapika mawe ya saruji yenye sura za majani na magome ya miti? Basi lipike na hilo.

Mama yako

9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na miguu. Kifua changu salama, navaa barakoa, usinigombe.

Likizo wamenikatalia, kwa hiyo fundi ni wewe. Tena mfinyanzi, udongo sikufundishi. Paka gome maji ya sabuni, gandamiza udongo mnene mpaka uingie kila ufa, ngoja ushike, bandua taratibu. Palipotokeza patakuwa shimo. Mimi nitamwaga saruji humo, na shimo litarudi kuwa fundo. Saruji haiachi kitu, Mama! Juzi nimebandua jani la boga, nikakuta mpaka njia aliyotambaa konokono. Nilikaa chini kwa mshangao. Ufunge kwa gunia bichi, umpe dereva wa basi.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi namshukuru Mungu.

Mti wameuangusha jana. Uani kweupe mpaka kuku wanashangaa. Udongo niliubandua mapema, dereva anao. Ila ulitoka na mashimo na nyufa, aibu tupu! Miaka yote hii nafinyanga, kitu chenye sura ile hakijawahi kutoka mlangoni kwangu. Nikakaa nao jioni, nikaulainisha wote kwa kidole chenye maji. Sasa unang'aa, hakuna nilipopaacha. Wenzako wajue mama yako ni nani.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, nilikuwa na hasira. Nilipofungua gunia nikaona ukingo umelainika, nililia mbele ya watu. Zile nyufa ndizo zilizokuwa mti wenyewe, na mti haupo tena! Nikaurudishia gunia bila kuutazama zaidi.

Jana msimamizi wetu wa kazi akaniambia mwaga au tupa. Nikamwaga. Leo nimebandua, Mama. Gome halipo, kweli. Lakini vidole vyako vipo, mstari kwa mstari, vinashuka kutoka juu. Vikifika katikati vinapinda. Vinazunguka. Na katikati ya mzunguko ule lipo fundo la baba, zima, hata nyuzi za kamba zinaonekana. Uliziba kila kitu, hilo hukuliziba. Nilimwita msimamizi aje aone. Akavua kofia.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Salamu zitafuata. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nakuapia, mimi nilijua nimepita kote. Tangu jana naitazama mikono yangu hii na siielewi.

Usimpe dereva. Lilete mwenyewe, nilishike.

Mama yako