Mashine Ni Yangu, Sketi Nyingi Ni za Wifi

Mpendwa Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi pokea salamu tu, naomba unisaidie kabla roho yangu haijanila nikaisha.

Mimi ni fundi cherehani, sikufundishwa na mtu, nimejifunzia kwenye viraka vya majirani mpaka nikanunua cherehani na mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, laki tisa taslimu, na mwaka jana bosi mmoja mwenye tenda ya sketi za shule akaniita, nikamwambia kwa kujidai nakuja na mashine zangu mbili, akacheka, "Basi wewe si kibarua, ni mwenzangu," nami nikavimba kichwa nikasahau kuuliza bei, kumbe bei ni moja kwa wote, elfu moja na mia tano kwa sketi, mwenye mashine na asiye nayo.

Kisha nikamwombea kazi wifi yangu, dada wa mume wangu, akapewa cherehani ya bosi. Yeye anatoa sketi kumi na sita kwa siku, mimi kumi na mbili, na si kwamba mkono wake mwepesi kuliko wangu, ni kwamba ovaloki ni hiyo yangu tu chumba kizima, kila saa nainuka nikamfungie kingo yeye na mafundi wengine wawili wanaotoa kumi na sita kama yeye, bure. Kwa wiki ya siku sita yeye anaondoka na laki moja na elfu arobaini na nne, mimi laki moja na elfu nane, nikitoa elfu saba ya sindano, mafuta na matengenezo nabaki na laki na elfu moja. Ananizidi elfu arobaini na tatu, Mshauri, na hajaleta hata mkasi.

Juzi kanunua friji. Mume wangu alikwenda kuliona, akarudi na maneno: "Jifunze kwa dada, yule ana mipango." Nikamwambia mipango yake inapita kwenye mashine yangu, akasema nina kijicho. Ninacho. Wifi akiniambia, "Mashine yako inafunga vizuri, wifi, Mungu akuzidishie," mimi nasikia ananicheka.

Wiki mbili zilizopita, zilipofika sketi zake, nikalegeza uzi wa ovaloki kwa makusudi. Ishirini na mbili zikarudishwa zimefumuka. Bosi akamwambia azirudie bila malipo, na ikirudi hata moja nyingine, ampishe mtu kiti. Ana watoto watatu anaowalea peke yake. Alikuja kwangu analia, "Wifi, sijui mkono wangu umeingiwa na nini." Nikampa maji. Nimwambie au nifunge mdomo? Na haki ya mashine yangu nitaipataje?

Mwenye Mashine

*

Mwenye Mashine,

Pole. Sasa kaa nikuseme. Hasira yako ina haki, ila umeibishia hodi nyumba siyo. Wifi yako analipwa jasho lake. Anayekula mashine yako ni huyo anayekuita mwenzangu, maana angekuwa mwenzako mngegawana faida, lakini huyu anakugawia sifa huku sindano unanunua wewe.

Hesabu unazijua, lakini wivu umekufanya uhesabu sketi za mtu mmoja. Hesabu za wote: sitini kwa siku, mia tatu na sitini kwa wiki. Mtaani kufunga kingo za sketi moja ni mia mbili. Umeme ni wa bosi, mpunguzie, iwe mia na hamsini. Hiyo ni elfu hamsini na nne kwa wiki, na hujagusa hata senti ya wifi.

Kwa hiyo bei ziwe mbili, ya mkono wako na ya mashine yako, kwa maandishi. Akikataa, maliza sketi zilizokwisha katwa, chomoa waya, rudisha ovaloki nyumbani, na kila atakayeihitaji akufuate kwa bei yako.

Lakini hayo ni baadaye. Kwanza nenda kwa wifi yako. Usimwambie mashine ilikorofisha. Mwambie ulilegeza uzi, na kwa nini. Mpe elfu thelathini na tatu ya zile sketi alizorudia, na akikutukana, meza. Kisha mwambie bosi kosa lilikuwa lako, kiti cha wifi kisiguswe.

Utaniuliza, nikishakiri nitadai bei kwa uso gani? Kwa huo huo wenye aibu. Kosa lako halifanyi mashine iwe ya bosi. Huenda akakufukuza, na utakuwa umejitakia, ila fundi mwenye ovaloki halali njaa. Mama wa watoto watatu anayeamini mkono wake umeharibika, huyo ndiye wa kumhofia njaa.

Usingoje mwisho wa wiki. Kunja gazeti, uende.